Lete Nikuoneshe

Shangazi yangu ni fundi cherehani ambaye hata wateja wakorofi humtaja kwa heshima, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na meno ya utotoni. Ungetegemea basi niwe najua kushona. Sijui. Kifungo kikikatika kwenye blauzi yangu, natafuta pini. Kisa ni neno moja tu. Kila nilipokaa karibu yake nikashika sindano, kabla uzi haujapita mara ya pili mkono wake ulikuwa umeshafika: "Lete nikuoneshe." Nikaleta. Akaonesha. Alipomaliza kuonesha, nguo ilikuwa imekwisha, imepigwa pasi, na mwenyewe ameshaondoka nayo.

Mwanamke huyo ndiye niliyemwalika aje awafundishe watoto wa watu kushona. Ucheke au unihurumie, ruhusa unayo.

Nilikuwa na darasa la nne, na kila Ijumaa darasa hilo lilikuwa na kipindi nilichokililia mwenyewe kwa mwalimu mkuu hadi akachoka kuniona mlangoni kwake. Tulikiita kipindi cha mikono. Mtu wa kazi fulani anakuja shuleni, watoto wanashika vyombo vyake, wanajaribu, wanaharibu, na mwisho wanatoka na kitu walichokitengeneza wao. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa mtihani. Ungemwambia mkeo kajifungua angekuuliza jibu ni a, b au c. Alinikubalia shingo upande, akasema tujaribu tuone.

Tukajaribu, nikaona. Wa kwanza alikuja seremala, mtu mcheshi, watoto wakampenda papo hapo. Alitengeneza kigoda kuanzia mguu wa kwanza hadi ubao wa kukalia, huku anasimulia, na watoto wakapiga makofi. Aliyeomba kupiga nyundo alipewa heshima ya kushika misumari. Baada yake akaja mwoka mikate. Huyo alikanda unga mwenyewe kwa sababu, alisema, mikono ya watoto ni michafu. Wakaenda kunawa. Waliporudi akasema mikono yenye maji inaharibu unga. Fundi baiskeli angalau aliwaachia wazungushe pedali, baiskeli ikiwa imepinduliwa, gurudumu likizunguka hewani bila kwenda popote, kama mimi.

Sikuwa nawalaumu sana. Mtu wa kazi ukimweka mbele ya watu, mikono yake inataka kusifiwa. Ila kila jioni ya Ijumaa Mkuu alinisubiri kwenye korido na swali lile lile: leo wametengeneza nini? Nami nilijibu kwamba leo wameona. Akasema kuona wanaona hata kwenye televisheni, na kule hawachafui sakafu. Maneno hayo yaliniuma kuliko ningekubali, kwa sababu yalikuwa ya kweli na yametoka kwa mtu ambaye sikutaka awe sahihi.

Lakini kuna jambo moja nililiona ambalo Mkuu hakuliona. Wiki nzima darasa langu lina watoto wenye vibofu vidogo ajabu. Ukianza hesabu za sehemu, mikono inaota: mwalimu naomba kwenda chooni, mwalimu na mimi, mwalimu na mimi namsindikiza. Ijumaa, hata huku wanatazama tu, hakuna aliyeomba kutoka. Nikajiambia, hawa siku wakiachiwa washike kitu wenyewe, kengele ya kwenda nyumbani itabidi tuwafukuze.

Ndipo Mkuu aliponiita ofisini. Ofisi ya elimu ilikuwa inamtuma mkaguzi, na mkaguzi alikuwa amesikia habari za kipindi chetu akataka kukiona kwa macho. Anakuja Ijumaa, kipindi cha mwisho. Mkuu aliliweka wazi kama mtu anayepanga vikombe mezani. Mgeni akikuta kitu kilichotengenezwa na watoto, kipindi kinabaki, na yeye mwenyewe atakitetea. Akikuta makofi, basi kuanzia wiki inayofuata Ijumaa ni mazoezi ya mtihani. Akaniuliza kama tumeelewana. Tulielewana vizuri mno.

Mfinyanzi niliyekuwa nimemwomba akatuma ujumbe kwamba ana msiba. Nikazunguka kwa mafundi wote ninaowafahamu, kila mmoja ana lake. Nilipopita kwenye kibanda cha shangazi kupumzisha miguu, nikafanya kosa la kulalamika kwa sauti. Akasimamisha cherehani.

"Na mimi je? Au mimi siyo fundi?"

Nilijikohoza. Nikatafuta visingizio, kwamba ana kazi nyingi, kwamba watoto wana kelele. Akasema kelele amelea, akinitazama mimi. Ikabidi nimweleze ukweli: kwamba siku hiyo haitakiwi kazi nzuri, inatakiwa kazi ya watoto. Asiguse. Mikono nyuma, kama askari wa gwaride. Alicheka hadi akatoa pini mdomoni ili asizimeze. Akasema mkono wake huwa unaenda wenyewe, haumwulizi. Nikamwambia basi aukalie. Akaapa kwamba ataukalia.

Ijumaa asubuhi alikuja amevaa gauni lake la harusi za watu wengine, na mfuko mkubwa wa mabaki ya vitambaa, rangi za kila aina. Nilikuwa nimeomba vipindi vya asubuhi viwe vyetu ili mchana mkaguzi akifika akute vitu vimekwisha. Kazi yenyewe ilikuwa mfuko mdogo wa kuwekea kalamu. Unakunja kitambaa, unashona pande mbili, unapinda mdomo, basi.

Nisimnyime haki yake: alianza vizuri kuliko seremala na mwoka mikate wakiunganishwa. Aliwaeleza jinsi ya kutunga uzi, jinsi ya kupiga fundo, kwa nini sindano inatoka pale unapotaka na siyo pale inapotaka yenyewe. Mikono nyuma. Watoto wakainama. Darasa likanyamaza ule unyamavu wa ndimi zilizotolewa nje kwa umakini. Mtu mmoja alijichoma, akanyonya kidole, akaendelea. Hakuna aliyeomba kwenda chooni.

Kisha shangazi akapita kwa msichana tunayemwita Swali, kwa sababu hilo ndilo jina lake halisi kwa tabia, hata kama mzazi wake aliandikisha jingine. Swali alikuwa na kitambaa cha bluu na alikuwa ameifikia kona. Kona ni mahali ambapo mshono wa mtoto unaamua kwenda safari zake. Nikamwona shangazi anameza mate. Nikaona bega linashuka, mkono unatoka nyuma kama paka anayetoka chini ya kabati.

"Lete ni..."

Nikakohoa. Akarudisha mkono. Hatua chache mbele, kwa mvulana aliyekuwa ameshona mfuko pamoja na mkono wa shati lake, neno lile likamtoka tena, nikakohoa tena. Asubuhi ile nilikohoa hadi mtoto mmoja mwenye huruma akaniletea maji. Watoto siyo wajinga. Kabla ya mapumziko walishampa jina, Shangazi Lete, na kila alipokaribia dawati walikuwa wanaficha kazi kifuani kwa vicheko. Mwenyewe alicheka nao. Nikasema moyoni, tumepona.

Mifuko ikaisha. Nikaipanga kwenye meza ya mbele, na nakwambia haikuwa na mmoja ulionyooka. Mmoja ulikuwa na mdomo upande usiotakiwa. Mwingine ungeweza kuweka kalamu ikatokea chini bila kusumbuliwa. Wa Swali ulikuwa na mishono mikubwa kama meno ya mzee anayecheka, na mdomo umepinda upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Aliuweka mezani kwa mikono miwili. Kalamu zake siku zote huzibeba ndani ya soksi, na sasa aliniuliza kama baada ya mgeni kuondoka ataruhusiwa kuhamia. Ndilo neno alilotumia, kuhamia.

Kengele ya chakula ikalia. Zamu ya kusimamia foleni ilikuwa yangu. Shangazi akasema yeye anabaki darasani apumzishe magoti. Nikamwachia kiti changu, nikaenda zangu. Ukiona mtu anakwambia alihisi kitu, mimi sikuhisi chochote. Nilikuwa na furaha, na furaha haina pua.

Mkaguzi akafika mapema. Mimi na Mkuu tulimpokea getini. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo na viatu vya kutembelea kweli, siyo vya kuonesha. Tukaongozana moja kwa moja hadi darasani, watoto nyuma yetu. Nikafungua mlango kwa madaha.

Mifuko ilikuwa mezani pale pale nilipoiacha. Ila ilikuwa imenyooka. Kona zake zilikuwa kali, mapindo yamelala, mishono midogo imefuatana kama sisimizi waendao kazini. Shangazi alikuwa dirishani na uso wa mtu aliyekuandalia zawadi anasubiri uifungue.

Niliangalia pipa la takataka. Limejaa nyuzi.

Mkuu, ambaye hajui pindo wala tundu la kifungo, alinawiri. Akamwonesha mgeni kwa kiganja wazi, kana kwamba yeye ndiye aliyetunga uzi. Mkaguzi akaweka miwani, akainua mfuko mmoja, akaugeuza ndani nje, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akasema ameingia madarasa mengi lakini hajapata kuona. Watoto walikuwa wameshasogea. Walitazama meza. Hakuna aliyecheka, na darasa langu kutocheka ni dalili ya homa.

Swali alinyoosha mkono akauchukua mfuko wa bluu. Akauchungulia ndani. Akaukumbatia.

"Huo ni wako?" mkaguzi akamwuliza. "Umependeza. Lete nione."

Swali hakusogea. Mkaguzi akarudia kunyoosha mkono, akitabasamu.

"Utanirudishia?" Swali akauliza.

"Bila shaka nitakurudishia."

"Ule ule?"

Mkaguzi akacheka, kisha akaacha kucheka. Akavua miwani. Akamwuliza kwa upole kwa nini asimrudishie ule ule.

"Wangu niliuacha hapa nikaenda kula," Swali akasema. "Kitambaa ni changu. Mishono siyo yangu."

Mkuu akaingilia kwa haraka kwamba watoto wa umri huu husahau, asubuhi ilikuwa ndefu, joto pia. Huku anazungumza, jicho lake likanitafuta. Lilikuwa linaniambia kitu rahisi sana. Ninyamaze. Ninyamaze tu, kama mtu anayesubiri chai ipoe, na kipindi changu kitabaki, Ijumaa zote zitakuwa zangu, naye atatimiza neno lake kwa sababu huyu ni mtu wa kutimiza. Na ingekuwa watoto wanamtazama Swali, labda ningenyamaza. Walikuwa wananitazama mimi.

"Mishono ni ya shangazi yangu," nikasema.

Kutoka dirishani shangazi akajibu kwamba amenyoosha tu. Mkaguzi akamwuliza kama ameinyoosha yote. Shangazi akasema yote, ndiyo, angeacha upi?

"Ilikuwa inatia aibu, dada yangu. Mgeni mzima unakuja, unakuta mdomo umepinda. Wangesema nini kuhusu huyu mwalimu? Wangesema nini kuhusu mimi?"

Mkaguzi akaomba kuona kile walichoshona watoto wenyewe. Nikaonesha pipa. Akachungulia zile nyuzi, bluu, njano, nyekundu. Kisha akauliza kama watoto wanaweza kushona sasa, mbele yake. Vitambaa vingine havikuwepo. Mabaki yote aliyoleta shangazi yalishatumika asubuhi.

"Tufumue?" Swali akauliza.

Nikasema fumueni.

Sijawahi kuona darasa likikaa kwa kasi ile. Mwanzoni ilinipa moyo. Halafu nikagundua kitu ambacho mpumbavu mwenzangu yeyote angekigundua kabla ya kusema fumueni: mishono ya shangazi haifumuki. Ndiyo sifa yake mjini kote. Nguo yake itachakaa, mshono utabaki unaulizia nguo imeenda wapi. Watoto wakang'ang'ana na ncha za sindano, kucha, wengine meno. Uzi mmoja mmoja ukakatika, tik, tik, na kila ulipokatika nilimwona shangazi anafumba macho. Mkono wake ulitoka nyuma mara moja. Sikukohoa. Nilimtazama tu. Akauchukua mkono wake pamoja na pochi yake akatoka nje.

Mkaguzi alijitahidi. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakigonga chini ya ubao, akawauliza wanafanya nini na kwa nini. Lakini dereva wake alishaanza kupiga honi, kwa kuwa kulikuwa na shule nyingine ya kufikia. Alipoinuka, hakuna mfuko uliokuwa umeanza kushonwa upya. Kulikuwa na vitambaa vyenye matundu na watoto wenye nyuzi midomoni.

Mlangoni akatuambia mimi na Mkuu kwamba hawezi kusema ameona kitu ambacho hakukiona. Alichoona ni watoto wakibomoa. Akaongeza kwamba atarudi muhula ujao, na akirudi apewe hata nusu ya kitu, ila iwe nusu yao. Akanishika mkono kidogo zaidi ya inavyohitajika, akaenda. Ningeweza kulishukuru lile joto la mkono wake, lakini muhula ujao upo mbali, na Ijumaa ipo kila wiki.

Mkuu alisubiri gari litoke. Hakupaza sauti, na ningependelea apaze.

"Ulikuwa nacho mkononi, mwalimu," akasema. "Ungenyamaza tu."

Nikaanza kumweleza kwamba walishona, asubuhi nzima walishona, angepita dirishani angewaona. Akasema anaamini. Akasema pia kwamba makubaliano ni makubaliano, na wiki ijayo atanipa karatasi za mazoezi. Mgeni akirudi muhula ujao, tutaongea. Nilitaka kubishana naye hadi jua lizame, lakini utabishana vipi na mtu aliyekuambia mapema kabisa kitakachotokea? Nikameza. Hasira nyingine huna pa kuipeleka, inabidi urudi nayo darasani ukaifungie kabatini pamoja na chaki.

Darasani kengele ilishalia na hakuna aliyeondoka. Nikawaambia waende nyumbani. Wakaniambia subiri kidogo. Sikuwa na nguvu ya kuwaambia kwamba hiki ndicho nilichokitafuta muda wote, na kwamba kimekuja siku ambayo hakina kazi. Nikatoka kwenda kumtafuta shangazi.

Alikuwa kwenye benchi karibu na geti, gauni lake la harusi limekunjamana magotini. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi makali tangu kwenye korido. Nikaanza na moja, kwamba ameniharibia. Akasema amenisaidia. Nikasema aliapa. Akasema aliapa kutogusa watoto wakiwa wanashona, na wao walikuwa wanakula. Ukweli ni kwamba nilikaribia kucheka, na hilo likanikasirisha zaidi.

"Mimi nilifundishwa na fundi ambaye ukikosea mshono, unafukuzwa," akasema, safari hii pole pole. "Kitambaa ni cha mteja. Ukikiharibu, hakuna kingine. Nikiona mtu anakosea mikono yangu inaogopa, mwanangu. Siyo mimi. Mikono."

"Hivi havikuwa vya mteja, shangazi."

Akatazama barabarani. Nikakaa kando yake, kwa sababu kusimama mbele ya mtu aliyekulea huku umeshika kiuno ni jambo ambalo hata ukiwa sahihi linakuchosha. Nikamweleza kwamba kipindi kimekwenda. Akauliza kimekwenda wapi. Nikamwambia kwenye mtihani. Akasema "aa," akaguna kwa sauti ya mtu aliyeona alichokikata ni kifupi mno.

Swali akaja akikimbia, begi linampiga mgongoni. Alikuwa wa kwanza kumaliza. Mfuko wa bluu ulikuwa umeshonwa upya kwa mishono ile ile ya meno ya mzee, safari hii juu ya matundu yote yaliyoachwa na shangazi, hivyo ulionekana kama umeugua tetekuwanga. Mdomo ulikuwa umepinda kuliko asubuhi. Kalamu zilishahamia. Alisimama mbele ya shangazi, akafikiri, akamkabidhi.

"Shika uone," akamwambia. "Lakini nasubiri hapa."

Akapanda benchi akakaa kati yetu. Shangazi akaupokea kwa viganja vyote viwili. Akaupima uzito. Akaupindua, akautazama mdomo ule, kona ile, na sehemu moja ambapo uzi ulikuwa umebaki unaning'inia, mrefu, unaomba. Nikaona kidole gumba na cha shahada vikiufuata taratibu, kama havina habari, vikaukamata.

"Shangazi," nikasema.

"Nashika tu."

Swali aliinama hadi pua yake ikakaribia vile vidole, akavitazama bila kupepesa.

"Shangazi."

"Nimesema nashika tu."